Vidonge vya Kuvu na Shamba la Bana Mwape

Vijana wa stesheni ya utafiti wa kilimo, muliniomba niandike kabla sijaanza kusahau. Nimekubali kwa sababu mukiachwa wenyewe mutaandika kwamba kazi yetu ilianza siku mulipoletewa friji. Haikuanza hapo. Ilianza Nchelenge, miaka ya sabini, ndani ya nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa stoo ya nyavu. Ukuta tuliupaka chokaa tena na tena, bado ulinuka chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa kwenye muchanga. Vyeo nilivyopata sitavitaja, mushahara ndiyo kabisa, maana hivyo havimufundishi mutu kazi. Na Kiswahili changu ni cha ng'ambo ya ziwa, cha Pweto, nilichokipata kwa mama na kunyooshwa kidogo na mapadri. Asiyekipenda aandike chake.

Nilivuka ziwa nikiwa kijana, nimemaliza shule ya kilimo upande wa Kongo, Kifaransa kimejaa kichwani na Kibemba changu kinatosha kuulizia bei ya samaki tu. Dokta wa stesheni, Muzungu mwenye miguu mirefu na maneno machache, alikuwa anatafuta mutu wa kumusomea maandishi ya Kifaransa yaliyokuja pamoja na kuvu yake. Alinishika mukono, akanikabidhi kwa Ba Chileshe, fundi mukubwa wa maabara, akaenda zake. Toka siku ile Dokta nilimuona kwa nadra. Aliyenilea kazini ni Ba Chileshe, Mubemba wa hapo hapo ziwani, ambaye ujanani aliuza samaki Kasenga, ng'ambo, na Kiswahili chetu alikisema vizuri. Alikuwa mutu wa taratibu. Ukimuuliza swali asubuhi, jibu unaweza kulipata saa ya kula, lakini likija linakuwa la kweli.

Adui wetu alikuwa muchwa. Ninyi mulio na mazoea ya kusema "wadudu" kwa jumla, nendeni kijiji cha Kafutuma mwanzo wa mvua mukajionee. Mwanamuke anakata vijiti vya muhogo, anavichomeka kwenye tuta, anarudi nyumbani mugongo unamuuma. Muchwa wanakuja chini kwa chini, wanakula kijiti kwa ndani, wanaacha ganda limesimama kama hakuna kilichotokea. Unaligusa, linakuwa vumbi. Sumu ya kumwaga ilikuwepo, lakini mashamba mengine yanateremka mpaka kwenye maji, na batu wanaoishi kwa samaki hawakutaka kusikia habari ya sumu. Basi Dokta alileta kuvu, ukungu wa kijani unaoota juu ya mududu, unamuingia na kumuua, na mutu au samaki hauwafanyi kitu.

Shida ni kwamba muchwa si wajinga. Ukiwamwagia ule unga wa kuvu mutupu, wanaunusa, wanamutenga mwenzao aliyeguswa, wanajenga ukuta wa udongo, maisha yanaendelea. Kwa hiyo ilibidi tuifiche. Tuliiweka ndani ya kidonge cha wanga wa muhogo, tukakiviringisha kwenye unga wa muti uliooza, ambao muchwa anaupenda kuliko kitu kingine. Akikikuta, anakibeba mwenyewe mpaka nyumbani kwake na kuwagawia ndugu zake. Kazi yetu yote ilikuwa kuivalisha kuvu nguo ya chakula.

Siku yangu ya kwanza Ba Chileshe alinipa muchele, sufuria na babula la makaa, akasema nipike. Kuvu yenyewe tuliilima juu ya wali, ndani ya chupa. Nikaona kazi si ndiyo hii, nikapika wali laini, ule wa kumupa mugeni. Akaja, akaonja, akavuta kiti, akala sahani nzima. Alipomaliza akanishukuru, halafu akaniambia sasa nipike ule wa kuvu. Wa kuvu hupikwa nusu, kila punje isimame peke yake, ngumu kidogo katikati, ili hewa ipite. Ukilainika unakuwa bonge, kuvu inakosa pumzi na kitu kingine cheusi kinachukua nafasi. Wiki ile nilipika mpaka nikachukia kuuona wali mezani, na Ba Chileshe alinenepa.

Chupa zetu zilikuwa zile bapa za pombe kali, kwa sababu zinakubali kulala ubavu na wali unatandazika vizuri ndani yake. Tuliziokota nyuma ya baa za Nchelenge. Kila asubuhi nilionekana huko na gunia mabegani, mpaka mama wa musichana niliyekuwa namuposa akatuma mutu kuulizia kama ulevi wangu ni wa toka zamani. Ba Chileshe alikwenda mwenyewe kunitetea. Alieleza habari za kuvu kwa urefu sana, na nasikia mama yule alisema heri ningekuwa mulevi. Harusi ilifanyika hata hivyo.

Kuvu ikikomaa, unautikisa ule wali kwenye chekeche, na chini yake unapata unga wa kijani mwepesi, ukipumua vibaya umeupoteza. Halafu unapika wanga wa muhogo mpaka unang'aa, unaushusha, unangoja. Hapo pa kungoja ndipo kazi ilipo. Ba Chileshe alidondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mukono, kama mama anayepima uji wa mutoto, na kama alisikia hata joto dogo alikaa chini tena. Mimi nilikuwa na haraka za ujana. Siku moja nilinyoosha mukono kuchukua kile kibakuli cha kuvu nikamwage, akanishika.

"Hii haiko dawa, Kalenga. Dawa unaweza kuiacha fasi yoyote, itabakia dawa. Hii iko kitu kizima. Ukiiunguza, unabakia na uji tu."

Maneno yale nimewaambia ninyi wote siku yenu ya kwanza, na wengine wenu mulidhani ni yangu. Ukisha kuchanganya, unausukuma ule wanga kupitia kopo la maziwa lililotobolewa na musumari, unatoka nyuzi nyuzi. Unazikata kwa uzi wa nyavu, maana kisu kinagandamana. Unapata vidonge sawa na punje za muhindi. Unaviviringisha kwenye unga wa muti uliooza, unavipaka pemba, ule udongo mweupe, visishikane, unavianika kivulini juu ya wavu, mulango wazi, upepo wa ziwa upite. Jua hapana, moto hapana. Kila sufuria tulitoa vidonge vichache, tukaviweka juu ya pamba yenye maji, na vikiota ndevu za kijani tunajua vina uhai. Mashine zenu leo zinafanya yote hayo vizuri zaidi, nakubali. Lakini hakuna hata moja iliyowahi kumuzuia mutu mukono.

Sasa niwaeleze habari ya Bana Mwape, yaani mama wa Mwape. Alikuwa mujane, amezaliwa ng'ambo kama mimi, ameolewa Kafutuma na kubaki huko na watoto baada ya mume kufariki. Hakuwa na mutumbwi wala nyavu. Alikuwa na lile shamba la muhogo tu, alilopewa mume wake na shefu wa kijiji, na misimu miwili mfululizo muchwa walikuwa wamelimaliza. Shefu hakuwa mutu mubaya, ila alikuwa na batu wengi na ardhi kidogo. Alimwambia waziwazi kwamba shamba lisilotoa kitu haliwezi kukaa na mutu moja milele. Kama na mvua hizi matuta yatabaki matupu, atalitoa kwa familia iliyohamia kutoka kisiwani, na yeye arudi kwa kaka zake ng'ambo. Kaka zake hawakuwa wamemuita. Tulipokwenda kutafuta mashamba ya kujaribia vidonge, wenzake walicheka, yeye akasema tuanze na la kwake.

Vidonge tulivigawa wakati wa jua kali, kabla ya mvua, kwa sababu mvua ikianza barabara ile ya Kafutuma inakuwa supu. Ba Chileshe alisimama mbele ya batu akawaeleza kwa Kibemba, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba mvua zikishika kila mutu atatoboa vichuguu vya shambani kwake na kutumbukiza vidonge ndani. Mpaka siku hiyo, akasema, muvitunze sawasawa na munavyotunza mbegu zenu. Yalikuwa maneno mazuri. Batu waliitikia, na mimi nilimuandika moyoni kuwa mutu anayejua kusema na batu.

Mvua zikaja. Batu wakatoboa, wakatumbukiza, wakapanda muhogo wao. Halafu habari zikaanza kufika stesheni, na hazikuwa za kupendeza. Vijiti vimeliwa. Nilitumwa nikachimbue kichuguu kimoja nione, nikakuta muchwa wamevibeba vidonge vyetu mpaka ndani, wamevila, na wamenona. Pale Kafutuma wakaanza kusema stesheni imefungua hoteli ya muchwa. Dokta alituambia tujaribu vidonge vilivyobaki maabara, tukaviweka juu ya pamba, vikaota kijani kama majani ya mpunga. Vyetu ni vizima, vya Kafutuma vimekufa, na vilitoka sufuria moja. Mutu moja ofisini alisema wanawake wamewalisha kuku vidonge na kutia mawe shimoni. Ba Chileshe hakula mchana ule.

Nikarudi Kafutuma. Bana Mwape nilimukuta shambani, amechuchumaa, anagusa vijiti vyake kimoja kimoja na vinabomoka. Aliniambia shefu alipita jana yake pamoja na yule mutu wa kisiwani, wakatembea mipakani wakioneshana. Hakulia. Aliniambia vile unavyomwambia mutu kwamba chumvi imeisha nyumbani, na mimi ndiyo niliona aibu, maana shamba alikuwa ametukabidhi sisi. Mvua ikatushukia hapo hapo, tukakimbilia jikoni kwake. Ndani, moto unawaka, samaki wanakauka juu ya utanda wa fito, moshi umejaa mpaka machozi yanatutoka. Nikamuuliza kama hakubakiza hata kidonge kimoja nikakipime.

Alipanda juu ya kigoda, akanyoosha mukono juu kabisa ya moto, kwenye boriti nyeusi, akateremsha furushi la majani ya ndizi lililofungwa kwa uzuri. Akalifungua. Vidonge vilikuwa vyeusi, vigumu, vinang'aa mafuta ya moshi, vinanuka samaki wa kukaushwa.

"Mulisema tutunze sawa mbegu," aliniambia. "Mbegu yetu yote inakala hapa juu, pa moshi, fukusi asiikule. Mi nilitoa muhindi yangu, nikaiweka chini, nikapatia yenu ile fasi ya muzuri."

Yule mama hakuwa amelisha kuku. Alikuwa ameweka mbegu yake mwenyewe kwenye hatari ili vidonge vyetu vikae mahali pa heshima, na pale mahali pa heshima ndipo tulipoviua, kwa moto wa polepole, toka jua kali mpaka mvua. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikaangalia juu ya kila moto. Kila nyumba ni vile vile. Hakuna hata mutu moja aliyekuwa muzembe. Kama wangekuwa wazembe wakavitupa kwenye kona, vingeishi.

Ba Chileshe nilimukuta anaosha chupa. Nikamuwekea lile furushi mezani, nikamueleza lilikaa wapi. Alilinusa. Alifuta mikono, akakaa kwenye kile kiti alichokalia kula wali wangu. Mwisho akasema, "Ni mimi nilisema mbegu." Asubuhi yake alivaa koti lake la kanisani, tukapanda gari la samaki mpaka Kafutuma, akaomba batu wakusanyike, akawaambia hivyo hivyo: kosa ni langu, ninyi mulifanya nililowaambia. Shefu alikuwepo, wanawake walikuwepo, watoto walikuwepo. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi baada yake, na wengi wangeandika kwamba wanawake wa Kafutuma hawasikii maelezo. Mutu kama yule nilijivunia kumubebea chupa.

Wakamuuliza, basi tuvitunze vipi? Hapo Ba Chileshe akaingia kwenye habari za joto na baridi na uhai wa vitu visivyoonekana, nikaona nyuso zinaanza kulala. Nikaingilia, kwa Kibemba changu kibovu. Nikawauliza ni nani kati yao anatia mizizi ya munkoyo, ile inayogeuza uji kuwa kinywaji, kwenye uji unaochemka. Walicheka mpaka mama moja akakaa chini. Hakuna mwanamuke wa ziwa hili asiyejua kwamba munkoyo ukitiwa kwenye uji wa moto unakufa. Uji unabaki uji, hakuna kinywaji, na wageni wako njiani. Nikasema vidonge hivi ni munkoyo, si mbegu. Basi, wakaelewa, na Bana Mwape akasema vya kwake vitakaa ukutani chumbani, upande ambao jua haligusi. Maneno hayo ya munkoyo munayasema mpaka leo mukienda vijijini. Ni yangu. Nimesikia kuna mutu anafundisha kwamba yalitoka kwa Dokta, na huyo mutu aje kwangu nimwelekeze vizuri.

Kubaki na maneno mazuri haikutosha, maana musimu ulikuwa unakwenda. Ba Chileshe alikwenda kwa shefu peke yake, sijui alimwambia nini, akarudi na jibu kwamba Bana Mwape atangojewa mpaka kijiji kimalize kupanda upya, si zaidi. Tukapika wali. Kuvu huwezi kuikemea iharakishe. Inaota kwa saa zake, na sisi tulizunguka zile chupa kama jamaa wa mugonjwa. Jumapili Ba Chileshe alikosa kanisa, jambo ambalo Nchelenge nzima ililizungumza. Kwenye wanga nilingoja mwenyewe bila kushikwa. Nilidondosha tone kifundoni, nikasikia joto, nikakaa chini. Nikadondosha tena, nikakaa tena. Ba Chileshe alikuwa mulangoni ananiangalia, na alipoona nimeketi mara ya pili akaondoka kwenda kufanya kazi nyingine. Hajawahi kunisifu kwa mudomo, lakini ile ya kunipa mugongo niliielewa, na nilitembea na furaha yake wiki nzima.

Vijiti vya kupanda Bana Mwape hakuwa navyo tena, aliomba kwa wale wale waliomucheka, nao wakampa. Tulitoboa vichuguu asubuhi, udongo ungali baridi, tukatumbukiza vidonge, tukaziba kwa majani mabichi. Alipanda siku ile ile. Halafu hakuna cha kufanya ila kungoja, na kungoja kwa shamba la mutu si sawa na kungoja wanga upoe. Kila gari lililotoka Kafutuma nililiuliza habari.

Siku tuliyorudi kufungua, Bana Mwape hakumuachia mutu jembe. Alipiga kichuguu kikubwa cha katikati, akakipasua. Hakuna muchwa aliyekimbia. Ndani, chumba baada ya chumba, walikuwa wamelala wamevikwa kijani, ule ule unga wetu, umeota juu yao mpaka huwezi kujua kichwa ni kipi. Dokta angepiga picha. Mimi nilipiga kelele, nakubali, kelele ya kijinga ya mutu aliyefunga goli. Bana Mwape aliangalia sana, halafu akauliza kama hiyo kitu ikimaliza muchwa itageukia muhogo. Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi. Nikamwambia haiwezi, na kwa mara ya kwanza nikamuona anakaa chini katikati ya shamba lake, amenyoosha miguu.

Shefu alikuja kabla hatujaondoka. Yule mutu wa kisiwani alikuwa nyuma yake, na nyuma yao batu wachache waliokuja kuona shamba linavyobadilisha mwenyewe. Vijiti vilikuwa vimeanza kutoa majani madogo. Shefu hakudanganyika na majani. Misimu iliyopita aliona vijiti vyenye majani vimesimama, kumbe chini vimekwisha kuliwa, vinaishi kwa maji yao ya mwisho. Akatembea kwenye matuta, akachagua kimoja, akakishika, akaking'oa, akakigeuza juu chini mbele ya batu wote.

Kilikuwa kizima. Ganda halina tundu, na chini mizizi myeupe imeanza, imeshika bonge la udongo haitaki kuliachia. Yule wa kisiwani aliangalia ile mizizi, akaangalia chini. Bana Mwape alisimama, akapangusa vazi lake, akaenda mpaka mbele ya shefu. Alimwambia kwa Kibemba, kwa adabu yote, bila kupandisha sauti.

"Mumeking'oa wenyewe, ba shefu. Mukirudishe."

Ba Chileshe alinishika mukono kwa nguvu, nadhani alisahau kwamba ni wangu. Shefu alikiangalia kijiti, akamuangalia mama yule, akaangalia batu wake. Halafu akakunja suruali, akapiga magoti kwenye tuta, akafukua kwa vidole, akakilaza kijiti kama kilivyokuwa, akafukia. Bana Mwape alikaa amesimama juu yake mpaka alipomaliza, akamwambia ashindilie na upande wa pili, na shefu akashindilia.